Saa 20 za chekechea: siku tatu za kutwa au asubuhi tano?

Shikamoo Shangazi,

Binti yangu ana miaka mitatu na miezi minne. Ameanza chekechea muhula huu, na tangu aanze nyumba yetu haina utulivu. Si kwa sababu yake peke yake, ni kwa sababu kila mtu mzima humu ndani ana hesabu yake ya saa.

Shule ilitupa nafasi ya saa 20 kwa wiki, tukaambiwa tuchague zikae vipi. Njia ya kwanza ilikuwa asubuhi tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 2 hadi saa 6 mchana. Ya pili ni siku tatu za kutwa: Jumatatu na Jumatano saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na Ijumaa hadi saa 8. Tukachukua ya pili. Mimi nafanya kazi ya zamu, mume wangu anatoka asubuhi anarudi jioni, na siku tatu zilionekana nyepesi. Safari ni chache, na siku mbili za katikati mama mkwe anashinda naye. Anayemfuata shuleni ni mimi au mama mkwe, kutegemea zamu.

Matokeo yake ni haya. Jumatatu analia mlangoni. Jumatano analia kana kwamba hajawahi kupaona. Ijumaa vivyo hivyo. Mwalimu ananiambia nikishaondoka tu ananyamaza, anacheza, anakula, ni mtoto mtulivu kabisa. Huyo mtulivu mimi simjui. Nikifika naye nyumbani anajitupa sakafuni kwa sababu nimemvua kiatu cha kulia kabla ya cha kushoto. Halafu shuleni wanawalaza mchana, kwa hiyo siku hizo hafumbi jicho usiku mpaka saa 4, na saa 12 asubuhi namwamsha kwa kumbeba. Siku za nyumbani halali mchana kabisa, na saa 2 usiku keshasinzia.

Mume wangu anasema tuongeze, aende siku tano za kutwa, ndiyo atazoea. Anamtolea mfano mtoto wa wifi yangu, ambaye anashinda shule wiki nzima na hana neno. Mama mkwe anasema mtoto wa miaka mitatu shule ya nini, tumwache mpaka akue.

Na kuna hili lililonikera zaidi. Zamu zangu hubadilika kila wiki, kwa hiyo nilimwomba mwalimu mkuu aniruhusu nizungushe siku: wiki hii Jumanne na Alhamisi, wiki ijayo nyingine, mradi jumla ibaki saa 20. Akasema siku zikishapangwa hazibadiliki mpaka muhula uishe, na siku asiyokuja tunailipia. Nimeona ni ubabe tu. Saa ni zetu, kwa nini tusizitumie tutakavyo?

Naomba uniambie, mtoto wa umri huu anatakiwa awe shuleni saa ngapi kwa wiki? Nikipata namba moja ya kuaminika, nitawaonyesha wote tumalize ubishi.

Mama wa Saa 20

*

Marahaba mwanangu,

Namba hiyo sina, na hakuna aliye nayo. Ukitaka kuamini, angalia nchi zilizoziandika saa hizi kwenye sheria na kanuni zake. Uingereza, upande wa England, watoto wote wa miaka mitatu na minne wana haki ya saa 15 kwa wiki bila malipo kwa wiki 38 za mwaka, na wazazi wanaofanya kazi wanaweza kupata 30. Sweden inatoa saa 525 kwa mwaka kuanzia mwaka ambao mtoto anatimiza miaka mitatu. Ufaransa, ambako tangu 2019 shule ni lazima kuanzia miaka mitatu, wiki ya darasa ni saa 24. Japani kipimo cha kawaida cha chekechea ni saa 4 kwa siku. New Zealand wanagharamia saa 20 kwa wiki, lakini hawagharamii zaidi ya saa 6 katika siku moja.

Watoto wa nchi hizo wana miili ya aina moja. Kinachotofautiana ni bajeti za serikali na kazi za wazazi, na ndipo namba zilipotoka. Sisemi ni mbaya. Nasema ukimwonyesha mumeo 24 ya Ufaransa, mkweo atakuonyesha Finland, ambako darasa la kwanza mtoto analianza mwaka anaotimiza miaka saba, na ubishi utaendelea.

Katika orodha hiyo ningependa uitazame New Zealand mara mbili, maana ndiyo inayogusa shida yako: wameweka kikomo cha juma, wakaweka na kikomo cha siku. Wanajua kwamba saa 20 zikilundikwa si sawa na saa 20 zikitandazwa. Nyinyi mlipochagua, mlitazama jumla. Mimi nataka tutazame zilivyokaa.

Tuanze na hesabu. Asubuhi tano za saa 4 ni saa 20 ambazo mtoto yuko macho, tena katika sehemu ya siku aliyo na nguvu. Kutwa tatu ni saa 20 pia, lakini katikati yake kuna kulazwa. Tuseme ni saa moja na nusu kila mara. Toa nne na nusu kwenye 20, zinabaki kama 15 na nusu za kucheza na wenzake. Nyingine amezitumia kitandani, katika chumba ambacho bado hajakizoea, akilala usingizi ambao nyumbani hauhitaji tena.

Na usingizi huo una gharama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate saa 10 hadi 13 za usingizi katika saa 24, usingizi wa mchana ukiwemo, na nyakati za kulala na kuamka ziwe zile zile. Binti yako siku ya shule analala saa 4 usiku, anaamshwa saa 12. Ni saa 8. Ongeza ile moja na nusu ya mchana, bado hajafika 10. Siku ya nyumbani analala saa 2 usiku. Hata akiamka saa 12 ile ile, keshafikisha 10 bila kulala mchana. Kwa hiyo mtoto huyu anaishi ratiba mbili, na anavuka kutoka moja kwenda nyingine karibu kila siku: Jumatatu ya shule, Jumanne ya nyumbani, Jumatano ya shule, Alhamisi ya nyumbani. Hata wewe wa zamu unajua mwili unavyosema zamu zikigeuzwa hivyo. Vita vya kiatu cha kulia naona vinaanzia hapo, kabla hujatafuta kosa la mwalimu au la malezi yako.

Mwalimu hakudanganyi, kwa njia. Watoto wengi hujizuia siku nzima mbele ya watu wasiowazoea sana, kisha hujiachia kwa yule wanayemwamini. Anayepigiwa kelele ndiye anayeaminiwa, ndiyo malipo ya umama. Ukimfuata, nusu saa ya kwanza usimuulize alijifunza nini, alicheza na nani, alikula akamaliza? Mpe kitu cha kutafuna, tembeeni, msipitie popote. Viatu avue mwenyewe.

Sasa machozi ya mlangoni. Tazama siku zenu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hakuna hata asubuhi moja ambayo binti yako aliamka akaenda mahali alipokuwa jana. Kila safari ina pengo kabla yake, na ya Jumatatu ina pengo la siku mbili. Mtoto wa miaka mitatu hana juma kichwani. Jana anaielewa kwa shida, kesho anaikisia, na keshokutwa kwake ni hadithi. Ukimwambia “Jumatano utarudi,” umemwambia hakuna kitu. Wakati huo huo wenzake wa siku tano wameanzisha mchezo Jumatatu, wakauendeleza Jumanne, na Jumatano anaukuta una sheria asizozijua. Ndiyo maana analia kana kwamba hajawahi kupaona. Kwa kiasi fulani ni kweli hajawahi.

Wajerumani wana utaratibu wa kumzoesha mtoto mdogo unaoitwa mtindo wa Berlin. Siku tatu za mwanzo mzazi anakaa naye humo humo ndani, hakuna kuachana. Siku ya nne ndipo mzazi anatoka kwa muda mfupi. Lakini siku hiyo ya nne ikiangukia Jumatatu, wanasubiri hadi ya tano. Kisa ni pengo la mwisho wa juma tu. Watu waliokaa na watoto wanaiheshimu Jumatatu kiasi hicho, na ninyi mmempangia binti yako Jumatatu tatu kwa wiki.

Kwa hiyo mumeo amepatia nusu. Kwenda mara nyingi zaidi kutamsaidia kuzoea. Kukaa muda mrefu zaidi hakutamsaidia, kwa sasa. Siku tano, naam. Za kutwa, hapana. Hilo la mtoto wa wifi liwekeni kando kabisa, maana huenda yule bado anahitaji usingizi wa mchana, na hapo kutwa ya shule inamkaa vizuri. Watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa hilo tu na ratiba ile ile ikamfaa mmoja, ikamtesa mwingine.

Nije kwa mwalimu mkuu, ambaye nitamtetea kidogo, uniwie radhi. Ratiba ya chekechea haijengwi kwa saa za watoto, inajengwa kwa watu wazima waliomo chumbani. England, kwa mfano, watoto wa miaka mitatu na kuendelea huwa ni mlezi mmoja kwa watoto 8, au mmoja kwa 13 pale ambapo kuna mwalimu mwenye sifa zinazotakiwa. Wa miaka miwili ni mmoja kwa 5, na wa chini ya hapo ni mmoja kwa 3. Sehemu nyingine namba ni tofauti, lakini mpango ni huo huo. Chukua chumba cha watoto 16 na walezi wawili. Binti yako akija Jumanne ambayo si yake, ni wa 17. Huyo mmoja anadai mlezi wa tatu, na mlezi haitwi kwa saa mbili, anaitwa kwa siku. Na ile Jumatano aliyoiacha, kiti chake kiko pale, mlezi wake yuko pale na mshahara wake uko pale pale. Ndiyo maana mnailipia. Wazazi kumi wakizungusha siku kama ulivyotaka, mwalimu mkuu atakuwa anapanga upya kila Jumapili usiku, na watoto watakuwa wanakutana na sura mpya kila asubuhi. Ukali wake unamlinda binti yako dhidi ya kitu kibaya kuliko siku tatu zenye mapengo, nacho ni siku tatu zisizojulikana.

Ila kuna mambo ambayo shule inaweza kuyageuza bila kuongeza mtu hata mmoja, na hayo ndiyo ya kuyaomba.

La kwanza ni usingizi. Uliza kama wakati wa kulala anaweza kupumzika bila kulala: ajilaze na kitabu cha picha, au akae kona tulivu. Usiombe kwa lawama. Muda wa kulala ndio muda ambao walezi wengi hupokezana kwenda kula, kwa hiyo mtoto aliye macho ni kazi kwao, na ukionyesha kwamba unalijua hilo utasikilizwa vizuri zaidi. Wakisema hawawezi, omba aamshwe mapema, baada ya nusu saa hivi. Hilo unaweza kuliomba kesho, na mimi ningelianza kesho, kabla ya lolote lingine. Lipe wiki mbili uone usiku unakuwaje.

La pili ni siku zenyewe, muhula ujao. Chaguo langu kwenu ni asubuhi tano. Umesema mkweo anaweza kumfuata, na siku mbili tayari anashinda naye. Ataweza kumpokea saa 6? Hapa nitakuwa mkweli: asubuhi tano zina bei yake, na bei hiyo mara nyingi hulipwa na mwanamke mmoja anayekatiwa siku katikati. Safari ni tano badala ya tatu. Mkweo ana miguu yake na shughuli zake, usimpangie kwa sababu tu anampenda mjukuu. Mketini mumuulize, na mumeo awepo, maana na yeye ana asubuhi za kumpeleka. Kama mkweo atasema siku nne ndiyo mwisho wake, uliza shuleni kama zipo siku nne za saa 5, jumla ni 20 ile ile na mara nyingi zinaishia kabla ya kulala.

Ikishindikana kabisa, zibaki kutwa tatu lakini zifuatane. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Au Jumanne hadi Alhamisi, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu inampa siku ya nyumbani kabla ya kuanza. Atakuwa na asubuhi mbili kati ya tatu za kurudi alikokuwa jana, na hiyo si tofauti ndogo.

Lisilofaa ni kumpeleka saa 4 asubuhi kwa sababu umetoka zamu ya usiku, au kumfuata saa 5 kwa sababu leo unaweza. Chekechea nyingi zina saa za katikati ambazo hazipendi mtoto aingie wala atoke, na si kwa ukaidi. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, aliacha desturi ambayo shule zake zinaishika mpaka leo: takriban saa tatu za asubuhi zisizokatwa, mtoto achague kazi, aizame. Si lazima shule yenu iwe ya Montessori kuona kwamba asubuhi yenye urefu wa saa nne ikitolewa kupokelewa, kunawa, kula na kuagana, mchezo wenyewe unabaki na saa mbili hivi. Anayeingia katikati yake anakuta milango imefungwa hata kama mlango uko wazi.

Zamu zako zipeleke shuleni hata hivyo. Usizipeleke ili wabadilishe siku, wape nakala kila wiki wajue nani atamfuata lini, na wamwambie asubuhi: “Leo anakuja bibi.” Na nyumbani mchoree visanduku saba kwenye karatasi, vya shule rangi moja, vya nyumbani rangi nyingine, kila jioni afute kimoja. Juma lake litaanza kuonekana.

Uliza pia ni nani anakuwa naye mwanzo wa siku na mwisho wake. Shule inayokaa wazi kwa muda wa saa 10 kwa siku haiwezi kuwa na mlezi yule yule kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo asubuhi sana na alasiri walezi hupungua na vikundi huunganishwa. Huenda anayempokea binti yako mlangoni si yule anayemjua. Kama ndivyo, kumfikisha robo saa baadaye, mlezi wake akiwa ameingia, kunaweza kukata nusu ya machozi.

Kuhusu mkweo, hajapotoka. Mtoto anayeshinda na bibi anayezungumza naye, anayemwacha akimbie na kumpa kazi ndogo za mikono hakosi kitu kikubwa akiwa na miaka mitatu. Lakini wewe unafanya kazi, na shule ni sehemu ya maisha yenu sasa. Mweleze hivyo, usimweleze kwamba mtoto atachelewa.

Umeandika kwamba ananyamaza ukishaondoka. Endelea kuuliza hilo kwa dakika, si kwa “kidogo.” Dakika tano za kilio si neno. Kama baada ya wiki nne za ratiba iliyotulia bado analia sehemu kubwa ya asubuhi, hali kitu shuleni, au ameanza kujikojolea wakati alikwisha acha, basi kaa na mlezi wake mzungumze, na mpeleke akaonwe na daktari wa watoto. Kwa uliyonieleza sioni tuko huko.

Ujumbe kwa mwalimu mkuu uwe mfupi. Mimi ningeandika hivi: “Nimeelewa kwa nini siku hazizungushwi. Naomba mambo mawili: binti yangu apumzike bila kulala mchana kuanzia wiki hii, na muhula ujao tuhamie asubuhi tano, au siku tatu zinazofuatana kama asubuhi zimejaa.” Upeleke mapema, kabla walezi hawajapangwa, kwa sababu wakishapangwa utajibiwa vile vile ulivyojibiwa.

Shangazi